Kisangani: Kwa nini vijana wetu wanacheza na hatari?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali (Exetat) yanapotoka, barabara za Kisangani zinajaa pikipiki zinazopita mbio, watu watatu ao wane juu ya kila moja, poda nyeupe kichwani, klakso bila kunyamaza. Wazazi wanaomba Mungu watoto warudi wazima. Wataalamu wa saikolojia wana jina la hamu hiyo: kutafuta msisimko. Je, jina hilo linatosha kueleza yale tunayoyaona hapa Boyoma? Na tukilielewa, tunaweza kuokoa watu?

Toka Mangobo mpaka Makiso, toka Kabondo mpaka komini ya Tshopo, siku hiyo inajulikana. Mwanafunzi aliyepata diploma hana kosa kufurahi. Miaka sita ya sekondari si mchezo, na mzazi aliyelipa masomo hayo anajua jasho lake. Shida ni ginsi furaha inavyotoka. Dereva anainua gurudumu la mbele katikati ya watu. Mwingine anaachilia mikono yote miwili. Nyuma yake wasichana wawili wamekaa bila kaske, wanaimba. Jioni, redio inasoma matangazo ya kifo.

Kiisha maneno yanaanza. Wengine wanasema ni pombe. Wengine wanasema wazazi wa siku hizi hawalei tena. Wengine wanasema ni pepo mbaya. Katika maneno hayo mamoja yana ukweli kidogo, lakini hayajibu ulizo moja la kawaida: kwa nini ndugu wawili wa mama mmoja, waliokula chungu kimoja na kusoma shule moja, mmoja anaruka juu ya pikipiki ya kwanza inayopita na mwingine anabaki pembeni anaangalia?

WATU WALIOFUNGIWA GIZANI

Jibu moja lilianza mbali na hapa. Miaka ya mwisho ya 1950, huko Marekani, wataalamu walikuwa wanajifunza kitu gani kinatokea mtu akifungiwa ndani ya chumba chenye giza na kimya, bila sauti, bila kazi, bila mtu wa kusema naye. Kati yao alikuwa mwanasaikolojia Marvin Zuckerman. Aliona kwamba watu hawakai sawasawa katika hali hiyo. Wengine wanatulia. Wengine wanahangaika upesi, kama samaki ametupwa inchi kavu. Aliona tena kwamba watu wengi waliojitolea wenyewe kufungiwa walikuwa wale wanaopenda mambo mapya: walitumaini wataona ajabu fulani ndani ya giza ile.

Mwaka 1964 Zuckerman na wenzake walitoa orodha ya maulizo ya kupima hamu hiyo. Baadaye aliigawanya katika sehemu ine, na kila sehemu tunaweza kuiona hapa kwetu bila kwenda mbali.

Ya kwanza ni kupenda mwendo, urefu na maji makali: kijana anayeruka toka juu ya jiwe kuingia mtoni, ao anayeshindana pikipiki usiku. Ya pili ni kupenda vitu vipya vya kuona na kusikia: yule anayepanda baleinière kushuka Kinshasa, siku mingi juu ya maji, kwa sababu tu anataka kuona mji ule kwa macho yake. Ya tatu ni kujiachilia: muziki mpaka asubuhi, lotoko, maneno ambayo mchana huwezi kuyasema. Ya ine ni kukosa uvumilivu kwa mambo yasiyobadilika: mtu ambaye kukaa saa mbili fasi moja, akifanya kitu kilekile, kwake ni azabu.

Zuckerman alisisitiza jambo moja ambalo watu wengi wanalisahau. Mtu wa namna hiyo hatafuti kifo, wala hatafuti hatari yenyewe. Anatafuta ile hali ya moyo kupiga mbio na akili kuamka. Hatari ni bei anayokubali kulipa. Ndiyo sababu kumwambia «utakufa» hakumgusi sana. Yeye hakuwa anawaza juu ya kifo. Alikuwa anawaza juu ya ile dakika moja.

Tena si ugonjwa. Tabia hiyohiyo inaonekana kwa watu tunaowahitaji sana: wanaozima moto, wanaokimbilia ajali wakati wengine wanakimbia, wanaofungua njia za biashara fasi ambayo hakuna aliyethubutu. Mji ambao hauna hata mtu mmoja wa namna ile ni mji uliolala.

DAMU, UMRI NA MACHO YA WENZAKO

Tabia hiyo inatoka wapi? Sehemu yake tunazaliwa nayo. Mwaka 1980, utafiti uliofanywa kwa mapacha huko Uingereza ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika jambo hili inafuata urizi wa damu. Sehemu inayobaki inatoka katika maisha: marafiki, mtaa, kazi, yale uliyoona ukiwa mtoto. Kwa hiyo mama anayesema «huyu amezaliwa hivi, tangu tumboni alikuwa anapiga mateke» hakosi kabisa. Lakini hakosi nusu tu. Nusu ingine iko mikononi mwetu.

Umri nao una nguvu. Mwaka 2018, Laurence Steinberg na wenzake walitoa matokeo ya utafiti juu ya watu zaidi ya 5,000, wenye miaka 10 mpaka 30, katika inchi 11. Kongo haikuwa ndani, lakini Kenya ilikuwamo. Waliona kwamba hamu ya msisimko inapanda tangu utoto, inafika kileleni karibu na miaka 19, kiisha inaanza kushuka. Nguvu ya kujizuia yenyewe inapanda polepole na inaendelea kukomaa mpaka baada ya miaka 20. Tuseme kwa lugha ya motari: injini imeishafika, freni bado iko njiani.

Sasa hesabu miaka ya mwanafunzi anayemaliza sekondari hapa kwetu. Ana 18, 19, wengine 20. Siku ya matokeo inamkuta sawasawa kileleni.

Na hayuko peke yake. Mwaka 2005, Steinberg na Margo Gardner waliita watu 306 wacheze mchezo wa gari kwenye kompyuta. Ukiendelea kutembea unapata pointi, lakini ukichelewa kusimama unagonga na kupoteza. Kulikuwa watoto wa miaka 13 mpaka 16, vijana wa 18 mpaka 22, na watu wazima kuanzia 24. Wengine walicheza peke yao, wengine mbele ya marafiki. Watu wazima walicheza karibu sawa, rafiki awepo ao asiwepo. Lakini wadogo, marafiki wakiwa wanaangalia, walijitupa katika hatari zaidi sana. Na wale wa katikati pia waliongeza.

Hiyo inatueleza kitu ambacho polisi wa barabara wanakiona kila mara. Kijana huyohuyo anayempeleka mama yake soko asubuhi polepole, akikwepa kila shimo, jioni akibeba wenzake watatu ni mtu mwingine. Pikipiki ni ileile, barabara ni ileile. Macho ndiyo yamebadilika.

HATARI YA KUTAFUTA, HATARI YA KULAZIMISHWA

Hapa lazima tusimame kidogo, juu ya neno hili «kutafuta msisimko» linaweza kutudanganya. Maulizo ya Zuckerman yalikuwa yanauliza kama unapenda kuruka na parashuti ao kuteleza juu ya mlima wa barafu. Jeffrey Arnett, Mmarekani mwingine, aliikosoa orodha hiyo na kutengeneza yake mwaka 1994. Hata hivyo, orodha hizi zimeandikwa kwa watu ambao hatari kwao ni kitu cha kwenda kununua siku ya mapumziko.

Kwetu hatari haingoji uitafute. Dereva wa pikipiki anayekimbia kwenye barabara yenye mashimo saa kumi na mbili jioni, mara mingi hatafuti furaha yoyote. Pikipiki si yake. Kila siku lazima apeleke «versement» kwa mwenye mali, mvua inyeshe, mafuta yapande. Kama saa zimekwenda na pesa haijatosha, anaongeza mwendo ao anapakia mtu wa tatu. Mama anayepanda baleinière iliyojaa kupita kiasi, na usiku unaingia, hapendi maji makali. Anapeleka mihogo yake soko na hana njia ingine. Kuwaita watu hao «wapenda hatari» ni kuwatukana mara mbili.

Waboyoma wa umri wa miaka thelathini na zaidi wanajua vizuri tofauti hiyo. Kutoka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu, siku sita, mabomu yakianguka juu ya nyumba za watu ambao hawakuwa na lolote katika ugomvi huo. Hakuna mtoto aliyejificha chini ya kitanda siku zile aliyekuwa anatafuta msisimko. Na ni wakati wa vita, mafuta yalipokuwa ya shida, ndipo Kisangani ilizoea toleka, baiskeli ya kubeba watu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza «kwa nini huyu anapenda hatari?», tuulize kwanza: «anaipenda, ao amesukumwa?»

Ulizo hili si la walimu tu. Linabadilisha dawa. Anayesukumwa na njaa unamsaidia kwa kupunguza mzigo: mapatano ya haki na mwenye pikipiki, barabara iliyotengenezwa, chombo cha maji kinachopimwa kabla ya kutoka. Anayesukumwa na hamu ya moyo unamsaidia kwa njia ingine kabisa. Na kuna wale walio na vyote viwili. Kijana anaanza kazi ya pikipiki kwa sababu ya njaa, kiisha anagundua kwamba mwendo unampendeza.

WAGENIA WANATUFUNDISHA NINI

Mtu akitaka kuona hatari iliyofungwa kamba, aende upande wa mashariki wa mji, kwenye maporomoko ya Wagenia. Ndiyo mwisho wa mfululizo wa maporomoko saba ya Boyoma yanayoanzia Ubundu, yale yaliyolazimisha wakoloni kujenga reli ya kilometa 125 ili kuyazunguka. Pale, Wagenia wanasimamisha miti mikubwa ndani ya mawe, wanaifunga kwa kamba za pori, na wanashusha vikapu virefu ndani ya maji yanayonguruma. Maji yenyewe ndiyo yanasukuma samaki ndani. Mvuvi anatembea juu ya miti ile yenye utelezi, na chini yake kuna mto ambao haumrudishi mtu kwa urahisi.

Mgeni anaona ujasiri tu. Lakini angalia vizuri. Mtoto wa Mgenia anajifunza kuogelea angali mdogo. Anaanza pembeni, maji madogo, kiisha anasogea. Mkubwa anamwambia siku gani maji yamepanda na haifai kuingia. Kila mti una mwenyewe, kila fasi ina jamaa yake. Kijana mwenye moyo mkali hafukuzwi. Anapewa kazi inayohitaji moyo mkali, na anapewa pamoja nayo sheria, mwalimu na heshima. Heshima hiyo inapatikana kwa kurudi na samaki. Anayezama hapati sifa.

Sasa linganisha na pikipiki. Kijana anajifunza kuendesha siku mbili tatu kwenye uwanja, na siku ya ine anabeba abiria. Hakuna mkubwa anayemwambia «leo usiingie». Sifa anapewa yule anayepita mbio zaidi. Tofauti ya vijana hawa wawili haiko katika damu. Iko katika watu wanaowazunguka.

NA WASICHANA JE?

Watu wengi wanafikiri haya ni mambo ya wanaume peke yao. Vipimo vinasema hivi: katika kupenda mwendo na katika kujiachilia, wanaume wanapita wanawake. Lakini katika hamu ya kuona na kujua mambo mapya, Zuckerman hakuona tofauti ya maana kati yao. Msichana naye anachoka na maisha yasiyobadilika, pengine zaidi, juu yake ndiye anayebaki nyumbani na vyombo wakati kaka yake anazunguka mtaani.

Shida ni majina tunayowapa. Mvulana akitembea sana anaitwa «mtu wa mbio». Msichana akifanya hata nusu anaitwa malaya. Kwa hiyo anaficha. Na hamu iliyofichwa inampeleka kwa watu wanaojua kuitumia: mwanaume mwenye gari anayemwambia «twende, nitakuonyesha». Mzazi anayetaka kumlinda binti yake amuulize pia anataka kujua nini, anataka kuona wapi, na mlango gani wa halali unaweza kufunguliwa.

NANI ANAKULA FAIDA?

Hamu ya vijana si siri. Kuna watu wanaijua kuliko sisi wazazi na waandishi wa habari, na wanaiuza.

Vibanda vya kubeti mpira viko karibu kila kartie. Kijana asiye na kazi hanunui pale tumaini la pesa tu. Ananunua dakika 90 za moyo kupiga. Akishindwa, anarudi kesho, juu ya kesho nayo itakuwa ndefu na tupu kama leo. Wauza lotoko wanauza kitu cha namna hiyo: bei ndogo, nguvu mingi, na hakuna anayejua kilichomo ndani ya chupa. Wanasiasa nao, wakati wa kampeni, wanakodi pikipiki makumi kwa makumi, wanagawa mafuta na tisheti, na wanaacha vijana wapige mbio mbele ya msafara. Ajali ikitokea, mwanasiasa amekwisha kupita.

Na kuna faida iliyo mbaya kuliko zote. Katika mapigano ya Wambole na Walengola, yaliyoanza mwaka 2023 na kufika mpaka komini ya Lubunga, vijana waliingizwa kupigana. Tuseme wazi: vita ile haikuletwa na hamu ya msisimko. Chanzo chake ni udongo, na haki ya udongo. Lakini mkubwa anayetafuta watu wa kutuma mbele haendi kwa mzee mwenye mashamba na wajukuu. Anaenda kwa kijana wa miaka 18 ambaye hana kazi, hana shule, ambaye tangu asubuhi amekaa chini ya mti. Anampa panga, jina la kutisha na wenzake wa kumwangalia. Wasomaji wetu wa Ituri, wa Kivu zote mbili na wa Maniema hawahitaji tuwaeleze zaidi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tubadilishe ginsi tunavyosema. Hii inatuhusu sisi watu wa redio. Matangazo yetu ya usalama yanafanana: sauti nzito, «vijana, jihadharini», basi. Huko Kentucky, Marekani, Philip Palmgreen, Lewis Donohew na wenzake waliona kwamba ujumbe wa namna hiyo unasikilizwa na wale ambao tayari wana adabu. Wale wenye hamu kali wanazima. Wakatengeneza matangazo ya televisheni juu ya bangi yenye mwendo, yenye kushtua, yenye muziki, na kuyapitisha ndani ya vipindi ambavyo vijana hao walikuwa wanavipenda. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba matumizi ya bangi kati ya vijana wenye hamu kali katika miji ya Lexington na Knoxville yalipungua. Redio ya mtaa inaweza kufanya vilevile bila pesa mingi: motari mwenyewe asimulie, kwa lugha ya stendi, na tangazo lipite katikati ya mpira na muziki. Asubuhi saa kumi na moja kijana amelala.

Pili, tuwape fasi. Siku ya derby ya TS Malekesa na AS Nika, uwanja unapojaa, maelfu ya vijana wanapiga kelele mpaka sauti inakauka, na wanarudi nyumbani wamechoka vizuri. Ndondi, mashindano ya pirogi, mbio za baiskeli, teatri: yote haya yanapiga moyo bila kuvunja mguu. Kama kartie haina hata uwanja mmoja, kwa sababu viwanja vimeuzwa kujengwa nyumba, tusishangae barabara ikigeuka uwanja.

Tatu, siku ya matokeo ya Exetat ijulikane mbele na itayarishwe. Shule, meya, polisi na vyama vya madereva wanaweza kukaa pamoja wiki moja kabla: barabara moja ifungwe kwa wanaoshangilia, muziki uwekwe fasi moja, dereva anayebeba zaidi ya mtu mmoja asimamishwe bila kudaiwa pesa ya mfukoni. Hilo la mwisho lina uzito. Kijana akijua kwamba sheria inauzwa kwa noti moja, sheria yenyewe inakuwa sehemu ya mchezo.

Ine, tujipime wenyewe. Toka mwaka 1971, mageuzi ya vyuo vikuu yalipoleta masomo ya saikolojia hapa Kisangani, mji huu umefundisha wanasaikolojia wa inchi nzima. Wanafunzi wa UNIKIS wanaweza kuandika maulizo yasiyozungumza parashuti wala barafu, bali pikipiki, mto, beti na kartie zetu. Hapo tutajua ni wangapi wanatafuta hatari, na wangapi wanasukumwa nayo.

Na wewe mzazi, siku matokeo yatakapotoka, usimwambie mtoto wako «usitoke» peke yake. Atatoka. Muulize anapanda nyuma ya nani, na yule dereva amekunywa nini tangu asubuhi. Kama jibu halikutulizi, toka naye wewe mwenyewe, mkatembee kwa miguu kuimba na wengine. Umri wa miaka 19 hauna dawa, unapita wenyewe. Kazi yetu ni kuangalia wafike 25 wakiwa na miguu yote miwili.